Kisichotoka Mwilini Hakiingii Uwanjani

Chekeni kabisa mmalize ndiyo niendelee, maana najua wengi wenu mlishaiona ile video na mnajifanya hamjui yule mwanamke ni nani. Ni mimi. Yule refa wa netiboli mwenye trakisuti nyeupe na ushungi mweupe, anayekimbia pembeni ya uwanja pale Same huku anamwaga shanga kama gunia la maharage lililotoboka, ni mimi Mama Swaumu, muuza tangawizi wa sokoni, mke wa mtu, mama wa watoto watatu, na (hapa ndipo panaponiuma) mtu ambaye wilaya nzima ilimjua kwa ukali wa kuwavua wenzake vito.

Nianze na huo ukali, kwa sababu bila huo aibu yangu ingekuwa ndogo tu, ningeinywea chai ikaisha. Kwenye netiboli, kabla mechi haijaanza, refa anawapanga wachezaji mstari, wananyoosha mikono mbele, anapita mmoja mmoja. Kucha zisipite ncha ya kidole. Hereni hakuna, kipini hakuna, cheni hakuna, bangili hakuna, saa hakuna. Pete ya ndoa peke yake ndiyo inavumiliwa, nayo ifungwe plasta. Na mimi sikuwa naipenda sheria hii kwa sababu ya kujidai tu, jamani, nina kovu chini ya jicho la kushoto tangu nachezea shule, nililopewa na pete ya shaba ya msichana ambaye mpaka leo tukikutana ananiita rafiki yangu. Kwa hiyo natembea na kikatia kucha changu mwenyewe mfukoni, na nina msemo wangu ambao watu waliuzoea mpaka wakawa wananiitikia: "Kisichotoka mwilini?" Nao, "Hakiingii uwanjani!" Nilikuwa naupenda msemo ule. Siku hizi nikiusikia nageuza njia.

Sasa, sheria hiyo hiyo inawahusu na marefa. Madam Namsifu, mkufunzi wetu, mama mtu mzima anayeongea taratibu mpaka unamwogopa, alituambia kwenye semina bila kuzunguka. "Refa naye ana mwili. Saa ya kawaida ya kuangalia muda, sawa. Hivi vidude vinavyohesabu hatua na mapigo ya moyo, acheni kwenye pochi. Vinatetemeka, vinaita, vinamtoa mtu akili." Nikaandika kwenye daftari, nikapigia na mstari.

Na kidude chenyewe nilikuwa nacho. Alininunulia mume wangu, Baba Swaumu, siku aliyopeleka mzigo Arusha, akanifunga mkononi huku anacheka. "Uone mwenyewe unatembea hatua ngapi kwa siku, maana wewe na kile kiti cha dukani mmeshafunga ndoa, mimi nimebaki shahidi." Nilikasirika wiki nzima. Nikakiwekea lengo la hatua elfu kumi na tano, nikaapa siku nitakayozifikisha nitampelekea kile kidude kitandani akisome bila miwani. Sikuwahi kuzifikisha. Siku niliyokaribia ni ile mbuzi wa jirani alipokula tangawizi yangu nikamfukuza mpaka karibu na barabara kuu.

Sasa ikaja siku ya fainali ya wilaya mbili jirani, Vudee ya milimani na Nyumba ya Mungu, kijiji cha bwawani. Kwangu ilikuwa zaidi ya fainali, kwa sababu Madam Namsifu alikuja kunitathmini kwa ajili ya daraja la kwanza, lile linalokuruhusu kuchezesha mashindano ya mkoa. Nilikuwa nimeshalikosa mara mbili. Mara ya kwanza kwa kutojua ishara za mikono, mara ya pili kwa kubishana na kocha. Safari hii nilijiandaa, ishara nilikuwa nazifanya hata nikipima tangawizi, wateja wananiuliza kama naumwa mkono. Nililitaka lile daraja, sitadanganya, nililitaka mpaka nikaliota.

Nikaingia kwenye darasa tulilopewa marefa wa kike kubadilishia nguo, niko peke yangu. Nikavua hereni, nikavua pete, nikavua kidude. Nikakitazama. Kinasema hatua elfu tisa na ushee, maana asubuhi nilishabeba mizigo sokoni. Nikapiga hesabu: robo nne za mechi, nakimbia pembeni nakwenda narudi, leo leo namaliza ubishi na Baba Swaumu. Na nikikiweka kwenye pochi, hatua hazihesabiwi. Trakisuti haina mfuko wa zipu, mfuko uliopo una kikatia kucha na filimbi ya akiba. Nikasimama pale nikajishika kiuno, kama mtu anayefikiri. Na kiunoni, jamani, nina shanga.

(Msiniangalie hivyo. Shangazi yangu alinitungia wiki ya harusi, mistari mitatu, kila mmoja umechanganya nyekundu, nyeupe na bluu, na tangu siku ile hazijawahi kutoka mwilini mwangu, labda uzi tu ndio ubadilishwe. Kwetu huku tambarare, kando ya barabara kuu, mwanamke wa rika langu akizivua anajiona kama katoka nje bila nguo. Kwa akili yangu zile hazikuwa vito. Vito ni vinavyoonekana.)

Nikakifunga kile kidude kwenye shanga, upande wa nyonga ya kushoto, nikapandisha trakisuti, nikajipigapiga, hakuna kinachoonekana. Hakimkwaruzi mtu, hatua zinahesabiwa, sheria imelala zake. Uamuzi huo ulichukua muda wa mtu kufunga kamba za viatu, na hapo ndipo nilipojimaliza.

Nje watu wamejaa. Wa Vudee walishuka na lori kutoka milimani wamevaa masweta, jua la Same likawa linawavua moja moja. Wa Nyumba ya Mungu wamekuja na perege wa kukaanga kwenye ungo, wanauza huku wanashangilia. Nikapeleka pochi yangu, na simu ndani yake nimeizima mlio, kwenye meza ya Madam Namsifu pale pale kando ya mstari, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi yake. Mwenzangu wa kuchezesha alikuwa Mwalimu Anaeli wa Hedaru, kijana mpole, nusu ile ya uwanja yake, nusu hii yangu.

Nikapanga mstari, nikapita. Nikakata kucha za watu wanne. Nikamtoa mmoja kipini. Nikafika kwa Rukia, mfungaji wa Nyumba ya Mungu, msichana mrefu, mkono wake haukosei goli hata akiwa amefumba jicho moja. Mkono huo una bangili ya fedha.

"Vua," nikasema.

"Shikamoo, mama. Haitoki. Bibi alinivalisha nikiwa mdogo, mkono ukakua."

Tukaleta sabuni. Tukaleta mafuta ya kukaangia perege. Kocha wao akavuta, mimi nikavuta, Rukia akauma meno, bangili ikafika kwenye shina la kidole gumba ikagoma. Kocha akaniomba, "Mama Swaumu, tuifunge plasta nene, tafadhali. Tumekuja na wachezaji saba tu. Huyu akitoka tunacheza sita, bila mfungaji."

Madam Namsifu anaangalia. Kalamu iko hewani. Nikaona daraja langu lile pale, linanipungia mkono.

"Plasta ni ya pete ya ndoa tu," nikasema kwa sauti ya kusikika mezani. "Kisichotoka mwilini?"

Uwanja mzima ukaitikia, "Hakiingii uwanjani!" Rukia akaenda kukaa pembeni, mkono umejaa povu la sabuni, analia bila kujificha. Na mimi (Mungu anisamehe) nikavimba kichwa.

Mechi ikaanza. Dakika kama ya tano, niko nakimbia, nyonga yangu ikatetemeka drrr, drrr, nikaruka juu kidogo. Kumbe kidude kimeunganishwa na simu, simu ikiita nacho kinatetemeka, na mteja wangu wa Kwakoa alikuwa na harusi wiki ile, anataka tangawizi ya chai, na yule mama asipopokelewa hakati tamaa, anapiga tena na tena mpaka simu ione huruma. Nikaruka mara ya pili. Akina mama wa perege wakadhani refa kakolea na mechi, wakanipigia vigelegele. Nikajikaza. Ikaja mara ya tatu, ndefu, nikajipiga kofi pale kwenye nyonga ili nikizime.

Wachezaji wote wakasimama. Netiboli ni mchezo wa ishara, refa akinyoosha mkono ni jambo, akiupiga mkono ni jambo. Wote macho kwangu. "Refa, imekuwaje?" akauliza mlinzi wa Nyumba ya Mungu, kashika mpira.

Hapo ningesema samahani, endeleeni, mambo yangeishia hapo. Lakini Madam anaandika, na refa anayejipiga nyonga bila sababu hapewi daraja la kwanza. Nikapuliza filimbi, nikanyoosha mkono kuelekea Vudee. "Umemgusa." Hakumgusa mtu, yule dada. Akawapa mpira. Vudee wakafunga.

Robo mbili zikaisha Vudee wako mbele kwa mabao mengi, watu sita bila mfungaji wangefanya nini. Mapumziko nikatazama pale alipokuwa amekaa Rukia, hayupo. Nikajiambia kachoka kulia, kaenda kunywa maji.

Robo ya tatu iko katikati, namwona anakuja anakimbia kutoka upande wa barabarani, mkono mmoja kauinua juu. Akasimama mbele yangu kwenye mstari, anahema.

"Mama, imetoka."

Mkono wake mwekundu, una mkwaruzo mrefu lakini ngozi haijakatika. Kwenye kiganja cha pili ameshika bangili, vipande viwili. Alikuwa ameenda kwa fundi wa kuchomelea mageti pale jirani, akamwambia apige msumeno wa chuma. Bangili ya bibi yake. Nikamuuliza bibi anajua, akasema, "Bibi alishafariki. Naruhusiwa kuingia?"

Kitu kikanichoma moyoni, nawaambia kweli. Nikamkagua ule mkono na sikuweza kumtazama usoni. "Ingia bao likifungwa," nikasema, na bao likafungwa, akaingia, mpira wa kwanza kaushika kaufunga, wa pili kaufunga, watu wa Nyumba ya Mungu wanaruka, perege wanaruka kwenye ungo, na mimi nakimbia pembeni nimechanganyikiwa, na hapo mama wa Kwakoa akapiga tena.

Drrr. Nikajikunja ghafla, na nikasikia kiunoni, ta.

Uzi mmoja umekatika. Nikasikia shanga zinateremka mguuni ndani ya trakisuti, taratibu, zinanitekenya, zinakwenda kukusanyika kwenye mpira unaobana trakisuti kifundoni. Nikamshukuru Mungu kwa ule mpira. Nikakimbia kwa kuuburuta mguu wa kushoto kidogo, na ule mpira (trakisuti ya zamani, nilishaambiwa ninunue nyingine) ukawa unaachia moja moja. Uwanja wa sementi. Nyekundu moja, nyeupe mbili, bluu moja, zinabingirika kuingia ndani ya mstari.

Senta wa Vudee akakanyaga, miguu ikamtangulia, akakaa chini kitako, pu. Hakuumia. Akaokota kitu, akakiinua juu kwenye mwanga. "Shanga!" Na wachezaji wote, wa timu zote mbili, wakajishika viuno kwa pamoja. Ilikuwa ni ya kuchekesha kama ingekuwa inamtokea mwingine.

Jamani, mpaka hapo bado ningeweza kuokoka. Ningesema naumwa tumbo, nikaondoka. Mimi nikafanya nini? Nikapuliza filimbi, nikasimamisha muda, nikaingia katikati ya uwanja kwa hasira ya kweli kabisa.

"Nani kavaa shanga humu ndani? Baada ya ukaguzi wangu wote? Jipangeni mstari!"

Wakajipanga, wanawake kumi na wanne, wanahema. Anaeli akaja upande wangu, kaduwaa. Nikaanza kupita mbele yao nikiwatazama viunoni, natembea polepole kwa sababu mguu mzito, mikono nimefunga nyuma, na nasema, "Mtu mmoja hapa anatudharau. Mtu mmoja anaona sheria ni za wenzake." Maneno hayo yote nimeyasema kwa mdomo wangu, yapo kwenye video. Na kwenye video mnaona kitu ambacho mimi sikukiona: kila hatua ninayopiga, nyuma yangu zinabaki shanga mbili tatu, mstari mzuri kabisa umenyooka, na watazamaji upande wa nyuma wameanza kufunika midomo kwa khanga.

Nikafika mwisho wa mstari, kwa Rukia. Akainama kidogo, akaongea kwa sauti ya chini ili nisikie mimi peke yangu. "Mama. Zinatoka kwako."

Nikageuka nikaziona. Na hapo hapo kidude, ambacho kilikuwa kimeshateremka na uzi mpaka kwenye kifundo, kikaanza kutetemeka juu ya kiatu changu, drrr, drrr, drrr, na safari hii kikatoka kabisa, kikalala kwenye sementi kinawakawaka taa. Anaeli, kwa upole wake, akakiokota akasoma.

"Kinasema hongera," akasema. "Umefikisha hatua elfu kumi na tano."

Kicheko kilichopigwa siku ile nadhani walikisikia Vudee. Kisha mtu mmoja kule nyuma, sikumjua, akaanzisha kwa sauti kubwa, "Kisichotoka mwilini?" Wote, "Hakiingii uwanjani!" Na mama mmoja wa perege akasimama na ungo wake, akapaza sauti ya kunitetea, "Lakini si zimeshatoka? Mwacheni arudi!" Hapo ndipo hata Madam Namsifu alipoweka karatasi usoni.

Alipoitoa alikuwa hacheki. Akaninyooshea mkono, nikampa filimbi. Akamaliza mechi yeye mwenyewe, na viatu vyake vya kanisani. Mimi nikakaa pembeni pale pale alipokuwa amekaa Rukia, sabuni bado ipo chini, na mistari miwili iliyobaki kiunoni nimeishikilia kwa mikono miwili.

Rukia alifunga mpaka nikasimama. Walirudisha bao moja moja, na filimbi ya mwisho ilipolia Nyumba ya Mungu walikuwa wamefungwa kwa bao moja. Moja. Nilijua ni lipi. Nikaenda mezani, nikamwambia Madam habari ya ile filimbi ya robo ya kwanza, kwamba hakukuwa na kosa, nilijipiga kofi tu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Matokeo hayabadilishwi kwa namna hiyo, akasema, lakini nenda ukawaambie wenyewe. Nikaenda, nikawaambia, na kocha wao hakunitukana, ingekuwa nafuu angenitukana. Ripoti yangu iliandikwa sentensi moja tu: "Anazijua sheria zote, na amezisimamia kwa kila mtu isipokuwa mmoja."

Baba Swaumu alikuwepo uwanjani, najua mtauliza. Njia nzima ya kurudi nyumbani mabega yanamtikisika tu. Tulipofika mlangoni akasema, "Elfu kumi na tano. Nimekubali," akaingia ndani akaanguka kitandani, akacheka mpaka akaanza kukohoa.

Vile vipande vya bangili nilimwomba Rukia siku ile ile, akasita, akanipa. Nikampelekea fundi wa fedha, akaviunga, akaweka kibawaba upande huu na kindoano upande ule. Nikaenda nayo mwenyewe mpaka Nyumba ya Mungu, nikamkuta anapara samaki. Akanawa, akaivaa, akafungua, akafunga, akafungua tena. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno marefu ya kuomba radhi, nimeyakariri njiani, yakanitoka yote nikabaki nasema nisamehe, nisamehe. Akasema, "Sasa inatoka, mama. Zako je?"

Zangu ziko nyumbani kwenye kikombe kisichokuwa na mkono, na hazijakamilika mpaka leo. Mtu akija kununua tangawizi utamwona anatoa hela, kisha anatoa shanga moja mfukoni, anaiweka juu ya meza. Naipokea, nasema asante. Nifanyeje?

Urefa sijaacha. Nilirudi chini nikaanza na mechi za shule, na nimejiwekea nadhiri ambayo haimo kwenye kitabu chochote: kabla sijamwambia mtu anyooshe mikono, nanyoosha yangu kwanza, nahodha ananikagua mbele ya watu. Msimu huu nikapangiwa mechi ya kirafiki ya Nyumba ya Mungu, na nahodha wao ni Rukia. Akavua bangili yake, tik, akaitia kwenye soksi za akiba, akaja mbele yangu. Akatazama kucha. Akatazama masikio, shingo, vifundo vya mikono. Akafika kiunoni, akasimama, na uwanja wote ukawa unamsubiri aseme kitu cha kuchekesha.

"Hapo nakuamini," akasema, akarudi kwenye nafasi yake.

Na kweli sikuwa nimevaa kitu, wallahi. Lakini nilichelewa kupuliza filimbi, ikabidi Anaeli aulize kuna nini, nikamwambia ni vumbi limeniingia machoni.